Alichobakiza Fundi

Tarehe 6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na Kibonge wangu hajakumaliza nguvu. Mimi sijambo, ila mikono inauma kama mtu aliyepasua kuni za mwaka mzima. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka, maana umeapa kwamba simu ina masikio. Dereva wa lori la kiwanda, anayeleta bawaba kwenye maduka ya huko kwetu, amekubali kuwa tarishi wetu.

Tuko wanagenzi tisa. Wanawake ni wawili, mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu, aliyekuwa akishona viatu kabla ya kuja. Kwa miaka yangu thelathini na moja mimi ndiye mkubwa, basi wameshanibandika jina la Shangazi. Mkataba ni wa miaka mitatu: siku nne mashineni, siku moja darasani, mwisho mtihani na cheti.

Fundi anayetufundisha ana vidole vitatu tu mkono wa kulia. Wanamwita Fundi Nane, kwa hesabu ya vilivyobaki, ila akiwa karibu hakuna anayethubutu. Siku ya kwanza alikuwa anasoma majina. Alipofika langu akasita kwenye jina la ukoo, akaniuliza kama baba yangu aliwahi kufanya kazi pale. Nikamwambia ndiyo, miaka mingi. Akasema, "Aa," akaendelea na jina lililofuata. Tangu siku hiyo ananitazama kama muuza duka aliyepewa noti asiyoiamini.

Unamfahamu?

Mwanao,
Mama Kibonge

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, siku likiniuma najua nipo hai. Kibonge hajambo, anakula kunishinda. Juzi mwalimu wake amemsifu kwa hesabu, nikaona niiandike usije ukaambiwa na wengine ukadhani nimekuficha.

Namfahamu. Alikuwa mwanagenzi wangu. Alikuja kwangu mwembamba kama tupa, hata sauti hana. Ilitokea ajali akaumia, maneno yakawa mengi, na tangu hapo hatukusalimiana mpaka nilipostaafu. Ni mambo ya zamani, usiyachimbe. Wewe elewa hili tu: mtu mwenye kinyongo na mzazi hulipiza kwa mtoto, na hulipiza huku akitabasamu.

Liko jambo ambalo darasani hawatakuambia. Fundi hamalizi. Mimi nilifundishwa na fundi aliyebakiza, naye alifundishwa na aliyebakiza. Ukimpa mwanafunzi kila kitu, kesho tajiri anakuuliza wewe wa nini. Kwa hiyo usingoje kupewa. Iba kwa macho. Ukiona anakutuma kuleta kitu, jua hapo ndipo penye siri. Nenda mbio, rudi mbio. Na uniandikie kila anachofanya.

Barua zako zifunge kwa gundi. Hii ya kwanza imefika kona moja imenyanyuka. Dereva anasema ni joto. Joto gani hilo linalojua kusoma?

Baba yako

Tarehe 19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia.

Wenzangu wote wameshaanza kufundishwa presi, ile mashine inayokata bati na kulikunja liwe bawaba. Mimi nimeachwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, na tupa. Nane amenipa kipande cha chuma nikisugue kiwe mraba kamili pande zote sita. Nikimpelekea anakipima, anakitupa kwenye ndoo, ananipa kingine. Huu ni wa kumi na moja. Mwenzangu wa kitanda cha juu alifanya mitatu akapita, na mraba wake wa tatu niliuona, Baba, ulikuwa umekaa upande kama mlevi.

Nilimuuliza kosa langu liko wapi. Akasema, "Unajua mwenyewe." Sasa hilo ni jibu?

Halafu ana daftari. Kila jioni anaandika, analifungia kabatini, ufunguo anautia mfuko wa shati. Jumatano nilipita nyuma yake nikaona jina langu. Akalifunga.

Kingine cha ajabu. Yeyote atakayezima mashine lazima aseme kwa sauti, "Nimezima," na aliye karibu lazima ajibu, "Nimeona umezima." Watu wazima tunaitikiana kama watoto wa chekechea. Ukisahau kujibu anakutoa nje siku nzima.

Oda zimeongezeka, kwa hiyo wamefunua presi namba tatu iliyokuwa chini ya turubai. Wanasema nami nitaanzia hapo, kama nitaanza.

Barua nimeipaka gundi mpaka vidole vimegandana.

Mwanao,
Mama Kibonge

Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Nakujibu haraka, dereva amesimama mlangoni anatazama saa, nami simruhusu kuingia maana anapenda kusoma kuta za watu.

Kwa nini wakuwekee namba tatu wewe? Mashine zote zile, binti yangu ndiye apewe namba tatu? Naona mkono wa mtu hapo. Hilo daftari lake ni ushahidi anaukusanya, ili siku ukiumia aseme aliandika tangu mwanzo kwamba huna akili ya kazi. Na hayo ya "nimezima, nimeona" ni kutafuta mashahidi. Mtu mwema hahitaji mashahidi wengi hivyo.

Sasa nakupa kitu ambacho sijampa mtu tangu nizaliwe. Soma, kisha choma barua hii. Presi namba tatu ikifanya kazi muda mrefu ikapata moto, breki yake haishiki. Hata ukizima umeme, lile gurudumu kubwa la pembeni linaendelea kuzunguka, na kichwa cha presi kinaweza kushuka chenyewe. Kabla ya kushuka kinapumua, kama mtu anayeshusha mzigo mzito: fuu. Ukisikia hivyo toa mkono, usijiulize. Na kabla ya kuingiza mkono wowote, simamisha gogo la mti mgumu chini ya kichwa kile. Mafundi wa matengenezo hawawezi kuligundua kwa sababu huja asubuhi ikiwa baridi.

Usimwambie Nane. Penye kuku wengi usimwage mtama.

Baba yako

Tarehe 23 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani. Sote wazima. Nianze na hilo.

Juzi Nane alinipitisha. Mraba wa kumi na tisa. Aliupima mara mbili, akauweka mfukoni badala ya ndoo, akanipeleka namba tatu pamoja na mwenzangu wa kitanda cha juu. Tulipiga bati tangu asubuhi. Saa nane mchana kipande kikakwama ndani ya kalibu, lile umbo linalokunja bati. Mwenzangu akazima, akasema, "Nimezima," nikajibu, "Nimeona umezima." Akaingiza mkono akitoe. Sikuwa nimeweka gogo, maana uliniambia nisimwonyeshe mtu.

Ikapumua.

Baba, nilimvuta kwa nywele. Tulianguka wote chini, na kile kichwa kikashuka taratibu kabisa, bila kelele, kikakaa pale mkono ulipokuwa. Umeme umezimwa. Watu wote wameona umezimwa.

Nane alikuja mbio. Akatazama swichi, akatazama presi, akaniuliza nimejuaje. Ningesema nini? Nikamwambia baba yangu ndiye aliyeniambia. Akauliza, "Amelijua hilo tangu lini?" Nikasema sijui, labda tangu zamani. Akatoka nje akakaa juu ya makasha ya bati mpaka zamu ikaisha, na jana hakuja kazini.

Nilidhani angefurahi. Umeokoa mkono wa mtu, Baba. Lakini fundi mmoja mzee wa stoo, nilipomuuliza Nane alipotezea vidole mashine gani, alinitazama mimi badala ya kujibu.

Ilikuwa mashine gani?

Mwanao

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa huyo mwenzako.

Nilikuambia usimwambie. Neno moja tu nilikuomba, nawe umelimwaga hadharani. Sasa umempa fimbo. Vidole vyake vilikwenda kwa uzembe wake, na iliandikwa hivyo na wakubwa wakapiga muhuri. Nani amekutuma kuuliza watu wa stoo? Ulikwenda kujifunza ufundi, hukwenda kujifunza upelelezi.

Kibonge amepata viatu vipya. Andika.

Baba yako

Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Lori limekuja mara tatu bila barua yako. Nimemuuliza dereva, akasema hukumpa kitu. Nikamwambia afungue kisanduku cha mbele nione mwenyewe. Akafungua. Mlikuwa na kitambaa na soksi moja.

Kama wamekukataza kuniandikia, weka alama tu: tuma karatasi tupu nitaelewa. Najua wanachokulisha huko. Mtu akikaa na adui wa baba yake siku nyingi, siku moja anaamka anamwona baba ndiye adui. Jiulize, huyo Nane miaka yote hakuniambia neno; kwa nini leo anakuambia wewe?

Baba yako

Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Dereva anasema amekuona. Anasema una afya, unacheka na wenzako getini. Sikumwamini, nikamuuliza ulivaa nini, akasema ovaroli. Huko wote wanavaa ovaroli.

Kibonge anauliza mbona mama hatumi barua. Nilimwambia una kazi nyingi. Akaniuliza, kazi nyingi kuliko za mwezi wa tatu?

Kama unajua, sema kwamba unajua. Usiniache nikae hapa nikipiga ramli.

Baba yako

Tarehe 14 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Mwambie Kibonge nampenda na nitamletea yeye barua yake peke yake.

Kila wiki nilianza barua kwako nikaichana. Leo naimaliza.

Nane aliporudi kazini aliniita ofisini kwake, akafungua lile kabati. Lile daftari lina majina yetu sote tisa, na kando ya kila jina kuna yale tuliyofundishwa na yale bado. Hakuna kingine. Kisha akatoa jalada la zamani, ndani yake mkiwa na karatasi moja ya taarifa ya ajali. Niliijua saini kabla sijaisoma. Ni ile ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule.

Umeandika: "Mwanagenzi hakuzima umeme. Nilikuwepo na nilishuhudia."

Nane akazungumza taratibu, akitazama dirishani. Alisema alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikumbuka kuwa alizima, lakini fundi wake, mtu aliyemheshimu kuliko baba yake, alisema hakuzima. "Nikaona labda ni kweli," akasema. "Miaka kumi na saba, Shangazi, nimekuwa nikijiuliza kama mkono huu ulizima au haukuzima."

Ndiyo maana tunaitikiana kama watoto wa chekechea. Nawe uliniandikia kwamba mtu mwema hahitaji mashahidi.

Nilimuuliza pia kuhusu miraba yangu kumi na tisa. Hakunificha. Alisema mitano ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya jina langu, na anaona aibu. Iliyobaki ni kwa sababu nilikuwa natazama mikono yake kuliko chuma changu. Alidhani umenituma kumchunguza. Ningemwambia nini, Baba? Ulinituma kweli.

Sitaki ujitetee. Nataka uniambie wewe mwenyewe kilichotokea, kwa sababu mpaka sasa nimekisikia kwa mtu mwingine tu, na bado sehemu ya moyo wangu inakungoja.

Mwanao

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku tisa. Nilitafuta mahali Nane alipodanganya nikakamatie hapo. Sikupaona.

Niligundua siri ya namba tatu mwaka wa sita wa kazi. Ilinishukia pembeni ya mkono, ikachana mkono wa shati tu. Ningekwenda kwa meneja siku ile ile. Lakini wiki hiyo walikuwa wamepunguza mafundi wanne, na mama yako alikuwa na mimba yako changa. Nikawaza, mashine hii nikiijua peke yangu, hawatanigusa. Na kweli hawakunigusa. Wengine wakiifunga kalibu inawasumbua, mimi naifunga inatii. Nikaitwa bingwa. Kila nilipotaka kuweka gogo niliwatuma wanagenzi chai. Walinywesha kiwanda kizima chai kwa ajili ya lile gogo.

Siku ile nilimtuma naye. Alikuwa mwepesi wa miguu, akarudi kabla sijamaliza, nikaona ataliona gogo, nikalitoa na kuwasha mashine tena. Nikamwambia mimi naenda stoo, asiguse kitu. Bati likakwama. Akataka kunifurahisha. Niligeuka mlangoni nikamwona akishusha swichi. Alizima, mwanangu. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Ningeweza kupiga kelele asiingize mkono. Nikafikiri, haijapata moto sana, haitashuka.

Walipouliza, ningesema alizima wangeuliza kwa nini basi ilishuka, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nikaandika ulichokisoma. Wiki iliyofuata wakaifunika turubai. Siri niliyoitunza ili nisifukuzwe ikawa siri ya mashine isiyotumika.

Sikuwa na kinyongo naye, wala yeye hakunifanyia fitina. Nilikuandikia hivyo ili usimkaribie.

Nimeweka karatasi ya pili ndani ya hii. Ni maelezo ya breki ile, jinsi inavyokuwa ikipata moto, na kwamba alizima. Nimeisaini. Mpe. Bahasha sikuipaka gundi. Dereva akisoma, na asome.

Baba yako

Tarehe 22 Septemba

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima.

Nilimpa Nane ile karatasi wakati wa mapumziko. Aliisoma amesimama, akairudia, akaenda moja kwa moja kwa meneja bila kuvua glavu. Siku iliyofuata waliiwasha namba tatu tupu, ikakimbia saa tano mfululizo mpaka ikapata moto, wakaizima. Sote tulisimama tukitazama. Ikapumua, ikashuka. Meneja alikuwa na kikombe mkononi, akasahau kunywa. Wakafungua breki ikiwa bado ya moto na kukuta bitana zake, zile pedi zinazoshika gurudumu, zimelika na chuma kimepata ufa mwembamba kama unywele. Sasa presi imesimamishwa mpaka ibadilishwe.

Nane akatuita wanagenzi wote tisa, akatuonyesha ule ufa, mmoja mmoja, akatufundisha kusikiliza breki na kusimamisha gogo. Akatuambia aliyefundishwa na fundi asiyemaliza ana haki ya kuuliza, na asiyejibiwa ana haki ya kutogusa mashine.

Nilimuuliza nikuambie nini. Alisema nikuandikie maneno haya kama yalivyo:

"Nimesoma. Lakini ile ya kwanza aliisaini mbele ya watu. Hii nayo aje aisaini mbele ya watu, iingie kwenye jalada langu. Asije kuniomba radhi. Aje kusahihisha."

Ofisi ya utumishi imeweka Jumanne, tarehe saba mwezi ujao. Sikulazimishi, Baba. Nitakuwa mashineni siku hiyo, na sitatoka mpaka mapumziko.

Mwanao,
Mama Kibonge

Tarehe 1 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti halitaki safari, lakini halikuulizwa.

Nitakuja Jumatatu. Dereva ameniambia nipande naye kwenye lori, kiti cha mbele. Nimekubali, nikamwomba radhi kwa ile habari ya kisanduku. Akacheka, akasema barua zetu hajawahi kuzisoma, mwandiko wangu mbaya.

Kibonge tutakuwa naye. Leo asubuhi alinikuta napiga pasi shati, akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kiwandani kusahihisha kosa. Akasema, kosa gani? Nilikuwa na jibu fupi tayari, lile la kuwapa watoto. Kisha nikazima pasi, nikakaa naye chini, nikamweleza yote. Chai, gogo, swichi, na karatasi niliyoandika. Sikuruka mahali.

Alisikiliza vizuri. Alipoona nimemaliza akaniuliza yule kaka alilia au hakulia.

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimekwenda stoo kuficha gogo.

Baba yako